Mkate wa mayai na keki ndogo za nyumbani Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila Ramadhani inapokaribia, kila kunapopangwa harusi, na kila kijana wa Mombasa anapohamia mji mwingine na kumpigia mama simu kuuliza vipimo. Majibu yamepangwa kuanzia misingi hadi hali zisizo za kawaida. Yote yanasimama juu ya jambo moja: kujua kwamba mkate wa mayai huumuka kwa hewa inayopigwa ndani ya mayai, ilhali keki ndogo za vibati huumuka kwa siagi iliyosagwa na sukari pamoja na beking pauda. Anayezichanganya njia hizi mbili huharibu zote mbili.

## Misingi

Mkate wa mayai una tofauti gani na keki ya kawaida?

Mkate wa mayai una vitu vitatu tu vilivyo vya lazima: mayai, sukari na unga wa ngano. Hauna siagi, hauna maziwa, na kwa desturi hauna beking pauda. Iliki hutiwa kwa harufu na zabibu kavu hupangwa juu. Keki ya kawaida, pamoja na zile ndogo zinazookwa katika vibati na ambazo wengi huziita kwinikeki, ina mafuta, na mafuta hayo huifanya iwe nzito kidogo, yenye unyevu na yenye kudumu siku nyingi zaidi.

Kwa maoni yangu mkate wa mayai ndio mgumu zaidi, ingawa orodha ya vitu vyake ni fupi, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuuinua pindi mayai yakipigwa ovyo.

Vipimo vya msingi vya mkate wa mayai ni vipi?

Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 23: mayai 6 ya gredi (ya kuku wa kisasa), sukari gramu 180, unga mweupe wa ngano gramu 180 uliochekechwa mara mbili, iliki iliyopondwa kijiko 1 cha chai, na zabibu kiasi cha kiganja. Piga mayai na sukari mpaka yafikie hali inayoelezwa katika swali la kupiga mayai. Nyunyiza iliki, kisha tia unga kwa mafungu matatu, kila fungu ukilichanganya kwa mwiko mpana unaopita chini ya bakuli na kulileta rojo juu, bila kukoroga. Mimina katika chombo kilichopakwa mafuta na kunyunyizwa unga, uoke kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa muda wa dakika 30 hadi 35.

Usiligonge bakuli ukingoni kwa mwiko ili kuukung'uta. Ni tabia ya wengi, na kila pigo hutoa hewa iliyotafutwa kwa jasho.

Na keki ndogo za vibati?

Kanuni ya wazee ni uzito sawa wa vitu vinne. Pima mayai 4 yasiyo na maganda, ambayo aghalabu hukaribia gramu 200, kisha chukua siagi, sukari na unga kwa uzito uo huo. Ongeza beking pauda vijiko 2 vya chai, maziwa vijiko 2 vya mezani, na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa au iliki. Saga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, tia yai moja baada ya jingine, kisha unga na maziwa. Jaza kila kibati mpaka theluthi mbili tu. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20. Utapata keki 18 hadi 20 za ukubwa wa kawaida.

Keki ya namna hii ni jamaa ya ile ya Uingereza iliyopewa jina la Malkia Victoria, na wepesi wake unategemea beking pauda, ambayo Alfred Bird aliitengeneza huko Uingereza mwaka 1843. Kabla ya hapo, keki ya siagi mara nyingi ilitegemea hewa peke yake na ilikuwa nzito zaidi.

Bibi alipima kwa kikombe na kwa idadi ya mayai. Nitayageuzaje kuwa gramu?

Kwanza kitafute kikombe chenyewe. Kikombe cha chai cha nyumba moja hubeba mililita 180, cha nyumba nyingine 250, na vipimo vya bibi ni vya kikombe chake. Kijaze maji na uyapime. Kwa kikombe cha mililita 250, sukari hufika karibu gramu 200, na unga uliotiwa kwa kijiko bila kushindiliwa hufika gramu 125 hadi 130. Unga uliochotwa kwa kikombe moja kwa moja kutoka mfukoni unaweza kuzidi gramu 150, na hapo ndipo mikate mingi inapokuwa mikavu.

Pili, mketishe mzee karibu na mizani na umwache apime kwa mkono wake kama alivyozoea, huku wewe ukiandika kila anachokitia kabla hakijaingia bakulini. Usimuulize "kiasi gani?", kwa kuwa atakujibu "kiasi cha kutosha", na kwake hilo ni jibu kamili. Andika pia vitendo: alipiga kwa muda gani, alisimamisha mkono lini, alitazama nini. Mapishi ya familia yakiandikwa kama orodha ya vitu peke yake, nusu yake imepotea.

## Mayai, siagi na unga

Nitumie mayai ya kienyeji au ya gredi?

Yote yanafaa, lakini ukubwa wake si mmoja. Yai la kienyeji mara nyingi huwa na gramu 40 pamoja na ganda lake, ilhali la gredi huwa na gramu 55 hadi 60. Kwa hiyo mapishi ya zamani yanayotaja mayai 7, yaliyoandikwa enzi za kuku wa uani, yanahitaji mayai 5 tu ya gredi. Ukitia 7 ya gredi, rojo litakuwa jepesi mno na mkate utanuka shombo. Mayai ya kienyeji yana kiini cha rangi nzito, na mkate wake hupendeza sana kwa macho.

Nitajuaje kwamba mayai yamepigwa ya kutosha?

Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote, na jibu lake haliko kwenye saa. Mayai yawe na joto la kawaida la jikoni, si ya kutoka kwenye friji. Yapige pamoja na sukari katika bakuli kubwa lisilo na hata tone la mafuta. Mwanzoni utaona povu la manjano lenye viputo vikubwa kama vya sabuni. Viputo hivyo hudogeka, rangi hufifia na kuwa ya maziwa, na ujazo huongezeka mpaka kukaribia mara tatu ya ulioanza nao. Kwa mchapo wa mkono kazi hii huchukua dakika 20 au zaidi, na kwa mashine dakika 8 hadi 10.

Sasa inua mchapo. Rojo linalodondoka na kuzama papo hapo bado halijawa tayari. Rojo lililo tayari hushuka kama utepe, likalala juu ya lile lililo bakulini na kuacha alama inayoonekana kwa muda wa kuhesabu pole pole mpaka kumi. Chora herufi ya kwanza ya jina lako kwa rojo linaloshuka. Ukimaliza kuichora huku mwanzo wake bado unaonekana, simamisha mkono.

Familia nyingine hutenga ute na viini, zikapiga ute peke yake mpaka usimame, kisha zikarudisha viini. Njia hiyo hutoa mkate mrefu zaidi, lakini ute ukizidishwa hukatika na kuwa kama pamba yenye maji, na haurekebishiki. Kwa anayejifunza, ni afadhali kupiga yote pamoja.

Siagi yangu inayeyuka kabla sijaanza. Nifanyeje?

Siagi hushika hewa vizuri inapokuwa laini lakini baridi kidogo, karibu nyuzi 18 hadi 20. Jikoni Mombasa wakati wa kaskazi joto hupita nyuzi 30, na siagi huwa mafuta matupu katika muda mfupi. Saga siagi alfajiri au usiku, tumia bakuli la chuma lililokaa kwenye friji, na weka chini yake karai lenye maji na vipande vya barafu. Siagi ikianza kung'aa na kuteleza, lirudishe bakuli kwenye friji kwa dakika 10 kisha uendelee. Kuendelea kusaga siagi iliyoyeyuka hakuongezi chochote isipokuwa uchovu.

Naweza kutumia majarini, samli au mafuta badala ya siagi?

Majarini inafaa na nyumba nyingi huitumia, mradi iwe ya kuokea. Ile laini ya kupaka mkate mara nyingi ina maji mengi na hufanya keki iwe na unyevu mbaya chini.

Samli ni karibu mafuta matupu, hali siagi ina maji takriban sehemu moja katika sita. Badala ya siagi gramu 200 tia samli gramu 160 hadi 165 iliyoganda, na uongeze maziwa vijiko 2 au 3 vya mezani. Harufu yake pamoja na iliki ni nzuri mno, hasa kwa keki ndogo zitakazoliwa na kahawa chungu.

Mafuta ya kupikia hayashiki hewa kwa kusagwa, kwa hiyo keki yake itategemea mayai na beking pauda. Keki hiyo hukaa laini siku kadhaa lakini haina ladha ya siagi. Katika mkate wa mayai usitie mafuta ya aina yoyote, kwani yatavunja povu.

Unga upi unafaa, na je, ule uliokwisha kutiwa beking pauda?

Kwa mkate wa mayai tumia unga mweupe wa kawaida wa matumizi yote, si wa atta wala wa chapati. Ukitaka mkate laini zaidi, ondoa vijiko 2 vya mezani vya unga katika kila kikombe na uweke wanga laini mweupe wa mahindi (konafulawa), ule wa kuifanya kastadi iwe nzito. Unga uliokwisha kutiwa beking pauda ni wa keki za vibati. Ukiutumia, usiongeze beking pauda nyingine.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na beking pauda iliyofunguliwa hufa mapema kuliko tarehe iliyo kwenye kopo. Tia nusu kijiko cha chai katika maji ya moto robo kikombe: isipochemka kwa povu mara moja, itupe. Magadi ya kuokea hujaribiwa kwa ndimu badala ya maji ya moto.

Iliki ninunue ya aina gani?

Nunua iliki nzima yenye maganda ya kijani, kama inavyouzwa kwa wauza viungo wa Marikiti, soko la Mombasa, uiponde mwenyewe siku ya kuoka. Iliyosagwa hupoteza harufu upesi. Wengine hutia maganda pamoja. Mimi huyatoa, kwani vipande vyake hukwama menoni.

## Moto

Sina oveni. Naweza kuoka kwa makaa?

Unaweza, na mkate wa mayai wa zamani uliokwa hivyo: moto chini na moto juu. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa bati. Washa makaa mpaka yawe mekundu na yavikwe jivu jepesi, maana makaa yanayotoa moshi hutia harufu katika mkate. Acha machache chini, kiasi cha theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki uzipalie juu ya mfuniko, pembeni zaidi kuliko katikati. Moto mwingi wa chini ndio sababu kuu ya mikate iliyoungua kitako na kubaki mbichi juu.

Kabla ya kumimina rojo, pasha sufuria tupu iliyofunikwa, kisha nyunyiza unga kidogo ndani. Ukibadilika rangi taratibu na kuwa wa kahawia hafifu, moto unafaa. Ukigeuka mweusi papo hapo, punguza makaa ya chini, ufute, ujaribu tena. Wapishi wengine hutandaza mchanga mkavu safi ndani ya sufuria kubwa na kuweka chombo cha keki juu yake, na joto husambaa vizuri zaidi.

Usifunue kabla ya dakika 20. Baada ya hapo inua mfuniko moja kwa moja juu, bila kuuinamisha, ili jivu lisimwagikie mkate.

Katika oveni ya gesi au ya umeme niweke wapi, na kwa joto gani?

Weka rafu ya katikati, uwashe oveni dakika 15 kabla, na ununue kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, kwa sababu namba za kwenye kitufe mara nyingi haziafikiani na joto la kweli. Oveni yenye feni ipunguzwe nyuzi 15 hadi 20. Joto na muda viko katika maswali ya vipimo.

Mapishi niliyopewa na jamaa wa Nairobi hayakubali hapa. Kwa nini?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 badala ya 100. Shinikizo la hewa likiwa dogo, gesi ndani ya keki hutanuka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo waokaji wa bara hupunguza beking pauda na sukari, na kuongeza maji na joto. Mapishi yaliyorekebishwa hivyo yakiletwa pwani hutoa keki fupi na nzito. Anza kwa kuongeza robo ya beking pauda, punguza maziwa kijiko kimoja cha mezani, na shusha joto nyuzi 10. Anayesafiri na mapishi ya Mombasa kwenda bara afanye kinyume chake.

## Kasoro

Kwa nini mkate umedidimia katikati?

Ukididimia ndani ya oveni, mlango ulifunguliwa mapema au beking pauda ilizidi. Ukididimia baada ya kutolewa, haukuiva: kijiti kilichochomwa katikati kingetoka na rojo, na ukiubonyeza kwa kidole haungerudi. Ikiwa ni mkate wa mayai na kitako chake kina tabaka ngumu kama mpira, unga haukuchanganyika na ulizama. Uchekeche na uutie kwa mafungu madogo zaidi.

Zabibu zimezama chini zote. Nifanyeje?

Katika mkate wa mayai usizichanganye na rojo. Subiri mpaka uso uanze kushika, baada ya dakika 12 au 15, kisha zipange upesi juu. Hili ndilo jambo pekee linaloruhusu kufungua mapema, na liwe la sekunde chache. Katika keki za vibati, ziviringishe kwanza katika unga mkavu.

Siagi na mayai vimekatika, vimekuwa kama maziwa yaliyoganda.

Mayai yalikuwa baridi au yalitiwa kwa haraka. Tia kijiko 1 cha mezani cha unga kutoka katika kipimo chako, usage, na rojo litashikana.

Keki ndogo zimechomoza vilele na kupasuka.

Moto ni mkali au vibati vilijazwa kupita theluthi mbili. Si kasoro ya ladha.

## Hali maalumu

Arki ya vanila ina kileo. Je, kuna badala yake?

Vanila halisi ya maji kwa kawaida hutengenezwa kwa kuloweka maganda ya vanila katika kileo, ilhali nyingi za bei nafuu hazina kileo na hueleza hivyo kwenye kibandiko. Kwa hukumu yake muulize mwanachuoni unayemwamini. Kwa upande wa jikoni, haihitajiki hata kidogo: iliki, maganda ya ndimu au ya chungwa, au vanila ya unga vinatosha, na iliki ndiyo harufu asilia ya mkate huu.

Mgeni wangu hali ngano. Nimpikie nini?

Mpikie mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia. Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha, usage na tui zito kikombe 1 na nusu, hamira kijiko 1 cha chai na iliki, mpaka usisikie chembe ukisugua kati ya vidole. Usiiache mashine ipate moto, itaua hamira. Rojo likishaumuka na kujaa viputo, tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai 1 uliopigwa kidogo, umimine bila kuchelewa katika sufuria yenye mafuta kidogo iliyopata moto, uupike chini kisha juu kama mkate wa makaa. Ukiacha liumuke kupita kiasi litachachuka. Usioke siku hiyo hiyo kwa vyombo vyenye vumbi la ngano ikiwa mgeni hali ngano kwa sababu ya maradhi.

Naweza kuoka keki ndogo bila mayai?

Ndiyo, kwa mtindi. Kwa unga gramu 200 tumia mtindi kikombe 1, magadi ya kuokea nusu kijiko cha chai, beking pauda kijiko 1 cha chai, sukari gramu 150 na mafuta nusu kikombe. Ioke mara tu ikishachanganywa, kwani magadi huanza kazi papo hapo yanapokutana na uchachu. Mkate wa mayai, kwa jina na kwa umbile, hauna njia hiyo.

Umeme umekatika katikati ya kuoka.

Usifungue mlango. Ikiwa theluthi mbili za muda zimepita, joto lililobaki huweza kumaliza kazi. Ongeza dakika 15 kisha jaribu kwa kijiti. Ikiwa ndiyo kwanza umeingiza, keki za vibati zihamishie kwenye sufuria ya makaa. Mkate wa mayai hausubiri, na rojo lililobaki bila moto kwa nusu saa litakuwa limeshuka.

Nina wageni wengi wa Idd. Nizidishe vipimo mara tatu?

Za vibati zinakubali, mradi uoke kwa awamu na beking pauda usiitie katika fungu litakalosubiri muda mrefu. Mkate wa mayai usizidishe kupita mayai 8 kwa mara moja. Piga mara mbili, uoke mara mbili. Anayeoka akiwa amefunga pia ategemee mizani, kwa kuwa hawezi kuonja, na rojo lenye mayai mabichi halifai kuonjwa wakati wowote.

Hukaa siku ngapi katika joto la Mombasa?

Mkate wa mayai, kwa kuwa hauna mafuta, hukauka upesi: ule siku ile ile au kesho yake, ukiwa ndani ya mkebe uliofungwa. Keki za siagi hukaa siku 3 hadi 4. Chochote kilichopakwa krimu kiwekwe kwenye friji na kiliwe siku hiyo hiyo. Zisizo na krimu, zikipoa kabisa na kufungwa vizuri, hugandishwa kwa miezi 2 bila kuharibika. Mkate wa mayai uliokauka usiutupe. Uloweke katika kastadi au katika maziwa yenye sukari na iliki.

Je, hafkeki nayo ni ya jamii hii?

Hapana. Ile hukandwa na kukaangwa katika mafuta, kwa hiyo iko karibu zaidi na mandazi, na vipimo vilivyo hapa haviihusu.